Kalenda Yangu na Mutobe wa Mama Consolata

Mkubwa wa shirika, jumuiya yetu hii ya sala, amenipa dakika ishirini. Nimeziweka kwenye simu, kengele itanikata yenyewe. Najua wengi mmekuja kusikia jinsi Mungu alivyoniponya, na mtasikia. Ila nawaomba msipige makofi katikati, kwa sababu katika habari hii mimi si mtu mwema, na baadhi yenu mliokaa viti vya mbele hamkuwa wema pia. Nimeandika yote kwenye daftari na ninasoma, ili nisipate nafasi ya kuipamba.

Mnanifahamu, ni Kavira wa hapa hapa Katoyi. Kabla ya ugonjwa nilikuwa na miaka thelathini na minne, kilo sabini na nane, mume mmoja, watoto wawili, na simu ambayo niliipenda karibu kuliko hao wote. Nilikuwa napanga safari za magari ya mizigo: gari lipi, dereva yupi, barabara ipi, saa ngapi. Wenzangu ofisini waliandika kwenye vikaratasi, kikaratasi kikapotea, na dereva akalala njiani, tangi la gari halina tone la mazutu. Mimi nilikuwa na programu mbili. Moja ilikuwa orodha ya kazi: kila jambo linaloingia kichwani unaliandika, likiisha unalitia alama. Ya pili ilikuwa kalenda yenye saa. Mwenye orodha peke yake huandika mambo arobaini akafanya matatu. Mwenye kalenda peke yake hukumbuka mkutano akasahau chumvi. Mimi nilizifunga pamoja kama mtu na kivuli chake. Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, nilichukua mambo ya orodha moja moja nikayapeleka kwenye kalenda, kila moja nikalipa saa yake na urefu wake. Nilikuwa nawaambia madereva kwamba jambo lisilopewa saa ni uongo unaojidanganya nao mwenyewe. Waliniita Madame Programme. Walikuwa wananicheka, na mimi nilidhani wananisifu.

Wakati huo vita vilikuwa vinakula barabara moja baada ya nyingine. Barabara iliyofungwa niliipaka rangi nyekundu kwenye kalenda, na mwaka ule upande wote wa Rutshuru ukawa mwekundu. Watu wakashuka Goma na magodoro kichwani. Mmoja wao alikuwa mama Consolata, mjane kutoka Kalengera, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye maneno machache. Mume wangu Muhindo alimkuta parokiani, akaniomba tumpe kile chumba cha nyuma kilichokuwa jiko letu la zamani. Nilikubali. Nilijisifu kwa kukubali, hata hapa shirikani nilitoa shukrani mbele yenu kwamba Mungu ametupa mkimbizi wa kumtunza.

Mama Consolata alitengeneza mutobe, maji ya ndizi zilizoiva, yale ya kunywa kabla hayajawa pombe. Aliuza kwa vikombe mbele ya lango letu, na mimi alinipa bure. Kila alipokupa kikombe, alionja kwanza yeye mwenyewe, wewe ukitazama, ndipo akakupa kwa mikono miwili. Kwao hawatoi kinywaji bila hivyo, na hata sisi tunajua maana yake: anayeonja anasema humu hamna kifo.

Ugonjwa wangu ulianza na kiu. Si kiu ya jua, hapana. Nilikunywa maji lita tatu kabla ya saa sita mchana, na ulimi ukabaki mkavu kama kiatu. Nikinywa, nakojoa. Nikikojoa, nina kiu. Ofisini choo kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa magari, na madereva wakaanza kuhesabu safari zangu kwa sauti. Maji hayakunikata kiu, lakini mutobe ulikuwa mtamu na baridi, ukaniburudisha kwa dakika kumi. Basi nikawa nakunywa asubuhi, mchana na jioni, na siku ambayo mutobe haukuwepo nilinunua soda.

Aliyegundua kwanza alikuwa mama Consolata. Aliniita nilipokuwa nafungua lango, akashika mkono wangu akautazama.

"Mama Kavira, hii kiu yako haiko ya kawaida. Na unakonda. Kwetu kulikuwa muzee mumoja, alikuwa anakojoa vile vile. Walimupeleka hospitali, wakasema ni sukari iko mu damu. Enda wakupime."

"Nitaenda, mama."

"Lini?"

Nikatoa simu nikaandika mbele yake: Kupima damu. Nikamwonyesha. Yeye hakusoma sana, lakini aliona maandishi, akaridhika. Jambo hilo lilikaa kwenye orodha wiki saba. Kila asubuhi nililiona, kila asubuhi nikalipita kwenda kwa mambo ya magari, kwa sababu kalenda ilikuwa imejaa. Mimi, Madame Programme, niliyewaambia wanaume wazima kwamba jambo lisilo na saa ni uongo, sikuipa damu yangu hata robo saa.

Mwili haukungoja. Nilipungua mpaka pete ikanitoka nikifua nguo. Macho yakafifia, nikawa nasoma namba za magari kwa kukisia, na siku moja nikatuma gari la unga mahali pa gari la saruji. Sehemu za siri zikawasha mpaka nikajikuna damu, jambo ambalo sikumwambia mtu, na Muhindo akadhani namkataa kwa sababu nyingine. Nyuma ya nyumba, pale nilipozoea kujisaidia nikizidiwa kufika chooni, sisimizi walijipanga kama watu kwenye mgao wa chakula. Tena pumzi yangu ikaanza kunuka ndizi. Ndizi iliyoiva hadi ikapita kiasi. Muhindo ndiye aliyeisikia. Tulikuwa mezani, akaacha kula.

"Kavira, mudomo wako unanuka ule mutobe."

"Sijakunywa leo."

Akasema neno ambalo mji huu wote unalijua. "Hii njo karuho."

Hakuna asiyejua karuho hapa. Ni ile sumu inayosemwa kwamba mtu mwenye wivu anakutilia katika chakula au kinywaji, haikuui leo, inakukausha taratibu mpaka unakuwa mifupa. Sijui kama ipo. Najua kwamba tukishaitaja hatutafuti tena ugonjwa, tunatafuta mtu.

Muhindo alinipeleka Keshero kwa mganga wa miti aliyesifiwa kwa kuitoa. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na beseni lake la plastiki magotini. Alininywesha dawa ya majani katika maziwa, kali kama nyongo, nikatapika mpaka tumbo likabaki linajikamua tupu na matone ya mkojo yakanitoka kwenye benchi. Kisha akachokoa ndani ya beseni kwa kijiti, akainua kitu kama kipande cha firigisi.

"Hii njo yenyewe," akasema. "Sasa, nani anakupatiaka kitu ya kunywa?"

Hapo ndipo nilipofanya dhambi yangu, na niliifanya kwa akili timamu. Mtu mwingine angekisia. Mimi nilitoa simu. Nilikuwa na kila kitu: kwenye orodha niliandika hata nilichokunywa, na kwenye kalenda niliandika siku nilizoshindwa kazi kwa udhaifu. Nikaweka hii juu ya ile, nikatazama. Siku za mutobe mwingi, kesho yake nimeanguka. Siku tatu ambazo mwenye mutobe alikwenda kutafuta ndizi, nilipata nafuu kidogo. Tarehe zote zilikubaliana. Nikamsomea mganga kwa sauti moja moja, kama karani mahakamani, na watu wenye mabeseni wakasikiliza.

"Jina lake?" akauliza.

"Mama Consolata."

Muhindo akaongeza, "Tena yeye njo alisema ni sukari. Alijua aje, kama si yeye aliileta?"

Alhamisi iliyofuata shirika lilikutana hapa, katika kiwanja hiki hiki cha nyumba yangu. Mnakumbuka. Tulisali, tukasoma Injili, na baada ya Injili nikasimama, nimejishika kwenye kiti kwa udhaifu, nikasoma tena tarehe zangu. Mama Consolata alikuwa amekaa pale, karibu na tangi la maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na kikombe kimejaa mutobe, akakiinua ili wote waone, akanywa chote.

"Munaona," akasema. "Kama ni karuho, nakufa pamoja naye."

Na mmoja wenu akajibu. Simtaji, yupo. "Mwenye sumu anajuaka na dawa yake!" Mwingine akasema watu wanaotoka kule ndivyo walivyo. Vita vilikuwa vimetufundisha kumtazama kila anayesema Kinyarwanda kama mjumbe wa wenye bunduki, na huyu mama alikuwa amewakimbia wenye bunduki hao hao, wamemwachia kaburi la mume na shamba lisilovunwa. Jambo hilo nililijua. Alinisimulia mwenyewe akinimenyea viazi, na bado nikawaacha waseme.

Walivunja mtungi wake. Mutobe ukatiririka juu ya mawe meusi, na sisimizi wakaufuata. Mlisema ni ishara! Vijana wakatupa godoro lake nje ya lango, mtu akalipakia kwenye chukudu yake ya mbao akaisukuma, na mama Consolata akatembea nyuma yake kwenda kambi ya wakimbizi, nyuma ya mji. Alipopita karibu nami alisimama. Nilidhani atanilaani.

"Mama Kavira, ile damu, ulienda kupima?"

Hakungoja jibu.

Siku mbili baadaye niliamka nahema kama mtu anayepanda mlima. Nikatapika, mkojo ukanipita kitandani, kisha sikumbuki. Muhindo anasema alinifunga kwa kitenge mgongoni mwa mtu wa moto, yaani mwenye pikipiki, yeye akakaa nyuma yangu kunishikilia, tukaenda hospitali hivyo, watatu juu ya pikipiki moja, kichwa changu kikigongagonga bega la dereva. Pale walinichoma kidole. Mashine ilikataa kutoa namba, ikaonyesha tu kwamba sukari imepita kipimo chake. Siku ya tatu nikafungua macho nikaona mrija mkononi na daktari mmoja kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Madame, uko na diabète," akasema. "Ile harufu ya ndizi ni damu yako, imekuwa asidi. Bado siku moja tu, tungekuzika."

Muhindo akauliza, "Docteur, na karuho?"

"Karuho gani? Alikuwa anakunywa nini?"

Nikampa simu. Ile ile. Akapitisha kidole juu ya tarehe, polepole, mutobe, soda, mutobe, chai ya sukari vijiko vinne, mutobe. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Mulikuwa munazimisha moto na mazutu," akasema. "Hii ni ya wazi kabisa. Ni nani alikuandikia vizuri vile?"

"Ni mimi."

"Na hii hapa ya juu, Kupima damu, iko na miezi karibu mbili. Kwa nini haukuenda?"

Nikageuza uso ukutani. Mnasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi maradhi yangu sikuyaficha, niliyaandika vizuri sana, kisha nikayaweka mlangoni pa mtu mwingine. Nililia, na machozi yenyewe yalikuwa machache, mwili ulikuwa umekauka.

Kupona kwangu ni kwa namna hii: sikupona. Naishi. Najichoma sindano ya insulini tumboni mara nne kwa siku, na sehemu zilizochomwa sana zimekuwa ngumu kama magoti ya mtu wa kusali. Dawa inataka baridi na umeme wa mji huu mnaujua, kwa hiyo naitunza ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji. Wiki za mapigano, dawa ilipokuwa haba, niligawa chupa moja kwa siku ambazo haikuzitosha, miguu ikavimba, jino moja likatoka lenyewe nikitafuna mkate. Muhindo alisimama foleni kwa ajili yangu huku risasi zikisikika upande wa milima. Nampa shukrani zake mbele yenu. Alikosea pamoja nami, na tunalipa pamoja.

Kilichoniokoa katika maisha ya kila siku ni zile programu mbili, lakini ilibidi nifundishwe upya kuzitumia. Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja mnene, asiye na subira. Nilimwonyesha kwa fahari: sindano saa tano na nusu, chakula saa sita kasoro robo, kila kitu na kengele yake. Hakuvutiwa.

"Ukichoma na chakula haikuje?"

"Itakuja. Iko kwenye kalenda."

"Mama, sindano haifuate saa. Inafuata sahani. Uone kwanza sahani na macho yako, njo uchome."

Niliitikia ndiyo. Nikaacha vilevile, mambo mawili yenye saa mbili, kwa sababu yalipendeza yakiwa hivyo.

Na kwenye orodha kulikuwa na jambo lingine. Niliandika siku niliyotoka hospitali: Kuomba msamaha mama Consolata. Kambi haikuwa mbali, robo saa kwa pikipiki. Lakini jambo hilo nalo sikulipa saa. Wiki baada ya wiki nililipita nikienda kwenye magari. Nilipolipa saa, nililisogeza. Mvua, nikasogeza. Mabomu upande ule, nikasogeza, hiyo nilikuwa na haki. Homa ya mtoto, nikasogeza. Nilisogeza mara kumi na moja, na kila mara nilijisikia vizuri, kama vile kusogeza nako ni kufanya. Mara ya kumi na mbili nikaapa. Jumanne, saa saba mchana, nusu saa. Nusu saa, jamani! Ndiyo urefu niliomkadiria.

Jumanne ile makaa yalikuwa yameadimika, na moto wa asubuhi ulikuwa wa vijiti. Kengele ya sindano ikalia, nikachoma, nikatia alama. Kengele ya chakula ikalia, na maharagwe bado yanagonga kwenye sufuria kama mawe. Ningengoja. Lakini nilijijua: nikingoja, nitasogeza. Nikasema nitanunua andazi njiani. Njiani askari walikuwa wamefunga barabara, tukazungukia vichochoroni, na andazi sikuliona.

Nilimkuta mama Consolata mbele ya hema la turubai jeupe lililochakaa, amekaa juu ya bidoni, dumu la maji lililopinduliwa. Karibu yake bidoni lingine, na vikombe viwili. Bado alikuwa anauza mutobe. Alikuwa amekonda na kichwa kimekuwa cheupe.

"Umekuya," akasema. Hakusema karibu.

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimetayarisha maneno, lakini midomo ilikuwa na ganzi, na jasho lilinitoka baridi mgongoni mpaka nguo ikashikana na ngozi. Mikono ikaanza kutetemeka.

"Unaniogopa?"

"Hapana, mama. Nilichoma sindano. Sikukula."

Akanitazama kwa makini kama alivyonitazama siku ile langoni. Aliyajua mambo hayo kwa yule mzee wa kwao. Akasema taratibu, "Sukari imeshuka. Unataka kitu ya tamu, sasa hivi."

Akatazama bidoni la mutobe. Hakusimama.

"Na ukifia hapa?" akauliza. "Ukifia hapa na mutobe yangu mu mudomo, watasema nini?"

Macho yangu yalikuwa yanaona vitu viwili viwili, yeye na yeye mwingine.

"Watasema njo ule mulozi, amemumalizia kambini. Tena hapa hawatanitupia godoro inje. Hapa watanichoma."

Akageuka akaita kwa sauti. "Bamama! Mukuye! Mukuye bote muone!" Wanawake wakatoka kwenye mahema, wengine na watoto mgongoni, wakatuzunguka. Nililala ubavu juu ya mawe. Mkojo ukanitoka mbele yao wote. Mama Consolata akasimama juu yangu na kikombe mkononi, hakukiinamisha.

"Mama Kavira, sema mbele yao. Hii iko nini?"

"Mutobe."

"Ni karuho?"

Nilisema hapana, lakini ilitoka kama pumzi.

"Hawakusikia. Mu shirika yako ulisema kwa nguvu, bote walisikia. Sema!"

Nilikuwa nakufa na yeye alikuwa anangoja. Wengine mtasema ni ukatili. Ndiyo, ulikuwa ukatili, na nilikuwa nimeuleta mwenyewe mpaka mlangoni kwake, kwa saa niliyoichagua. Nilikusanya kila kilichobaki ndani yangu.

"Hakuna karuho! Nilidanganya!"

Ndipo akaonja. Hata wakati ule, mimi nikiwa chini kama gunia, hakuacha desturi. Alimeza funda refu, akafungua mdomo kuwaonyesha, kisha akaninyanyua kichwa akakiweka pajani mwake, akaninywesha kidogo kidogo, akinifuta kidevu kwa kitenge chake. Kikombe cha kwanza, cha pili. Ule utamu niliouita sumu ukaingia katika damu, na dunia ikarudi kipande kipande: kwanza sauti, kisha mikono yangu, kisha aibu.

Nilipoweza kukaa, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza huku akisuuza vikombe.

"Mutobe nimekupa, kwa sababu siko wewe," akasema. "Lakini msamaha haitoke mu bidoni. Ulinisema mu shirika. Rudia pale pale, na mudomo ule ule, mbele ya wale wale. Siku ile njo nitaangalia kama kuko kitu ya kusamehe."

Nikatoa simu. Nikamwambia naandika, Alhamisi, mbele yake.

Akacheka, na kicheko kile bado kinanichoma kuliko sindano. "Andika. Wewe kuandika unajuaka."

Kabla ya Alhamisi vita viliingia mjini. Mnajua siku zile, sina haja ya kuzisimulia, kila mmoja ana zake. Tulipoweza kutoka nje, watu wa kambi walikwisha kuambiwa waondoke. Nilikwenda. Nilikuta mawe meusi tu, na miraba mitupu mahali palipokuwa na mahema. Niliwauliza madereva wanaopanda kaskazini. Mmoja alifika Kalengera, akauliza, akaambiwa nyumba yake haina paa na hakuna aliyemwona. Labda yuko Uganda. Labda yupo hapa hapa mjini na ananipita barabarani. Labda amekufa.

Nami ahadi ya Alhamisi sikuitimiza. Shirika lilianza tena kukutana miezi mingi iliyopita, na mimi nilikuwa nakaa pale nyuma na daftari hili ndani ya mkoba. Nilisogeza mara nne tena. Niliogopa nyuso zenu.

Sasa ushauri, kwa sababu ushuhuda bila ushauri mnauona hautoshi. Ukikojoa sana, ukiwa na kiu isiyokatika, nenda upimwe, leo, si kesho. Ukiwa na sindano kama mimi, ona sahani kwanza. Orodha yako ifunge na kalenda, ndiyo, inasaidia, mimi niko hai kwa hiyo. Lakini simu haijui lipi ni kubwa. Yangu ilimpa mama Consolata mstari mmoja mwembamba, katikati ya mafuta ya gari na kunyoa watoto, na ni mimi niliyempa mstari huo. Jambo gumu lipe saa ya kwanza ya asubuhi. Na tarehe zikikubaliana, zisikupeleke moja kwa moja kwa jirani.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Muhindo. Namshukuru mama Consolata, ambaye hakuwa na sumu, aliniambia ugonjwa wangu kwa jina, na aliniokoa baada ya sisi kumtupa nje. Nimesema pale pale, kwa mdomo ule ule. Kwenye orodha sijatia alama. Alama hiyo si yangu.

Zimebaki dakika mbili. Chini ya kitambaa hiki kuna bidoni la mutobe. Nilitafuta ndizi mwenyewe, nikakamua mwenyewe jana mchana, na vikombe vipo vya kutosha watu wote mlioko hapa. Mtu mgonjwa ndiye aliyeutengeneza, mwenye damu mliyodai imetiwa sumu, mwanamke aliyekiri mbele yenu kwamba alidanganya.

Tazameni. Nimeonja.

Nani anakuja kupokea?